Nadhiri Katika Kiganja cha Tila

Jiji la Mexico, 30 Juni 1996

Mdogo wangu Crescencio,

Pokea salamu zangu na za Mama, pamoja na za hawa Watoto Yesu wa plasta wanaonitazama wakiwa uchi kutoka rafuni huku nikikuandikia. Msimu wao bado, lakini akina mama wa mtaani wameanza kuwaleta mapema. Mmoja hana kidole, mwingine panya kamtafuna sikio, na wote nataka niwe nimewatengeneza na kuwashonea mavazi mapya kabla ya sikukuu yao ya Februari. Mama hajambo, ila magoti. Anauliza kama midomo ya Noemí bado inageuka buluu akilia. Mimi pia nauliza, ila mimi naogopa jibu.

Barua yako ilifika na dola zako zilikuwa salama ndani ya karatasi ya kaboni. Wale wanaomulika bahasha posta safari hii hawakuona kitu. Ijumaa tarehe ishirini na nane nilikwenda kanisani kwa Mtakatifu Yuda Tadei, nikasukumana na umati wenye sanamu zao na maua yao, nikafika kwenye ngazi za ombaomba. Pesa nimeiweka kwenye kiganja cha yule mtoto. Sikumpa bibi yake wala sikuitia kwenye kopo. Nimefanya kama nadhiri yako inavyotaka.

Yule mtoto ana jina, ulijua? Mwaka mzima unamtumia sadaka na hujawahi kuniuliza. Anaitwa Domitila, kwa kifupi Tila. Bibi yake ni Doña Macrina, wa kabila la Wamazahua, amekuja mjini tangu ujana wake. Tila ana miaka saba na visigino vyake vimetoka nje ya ndala. Nilimuuliza, "Shule unasoma wapi, mwanangu?" Bibi akamvuta kwenye shali kama kuku aliyeona mwewe. Limenikaa rohoni hilo.

Dada yako,
Hermelinda


Chicago, 21 Julai 1996

Dada Hermelinda,

Shikamoo kwako na kwa Mama. Huku joto limepanda mpaka magodoro tunayoshona kiwandani yananuka jasho kabla mtu hajayalalia. Mke wangu Araceli anafanya usafi kwenye hoteli zamu mbili. Noemí ametimiza miaka mitatu. Hakimbii. Akikimbia kutoka kitandani hadi mlangoni, anachuchumaa na kushika magoti kama mzee. Madaktari wanasema tundu la moyo halitajiziba, lazima wamfungue. Itakuwa baada ya kiangazi.

Dada, sikuuliza jina kwa sababu sikulihitaji. Umesahau? Siku ile nilipokwenda kumuaga Mtakatifu kabla sijaondoka, nilipita kwenye ngazi zile, na mtoto aliyekuwa mgongoni mwa yule bibi akanikamata kidole hiki cha kati. Alikataa kukiachia hadi bibi akacheka. Nilivuka jangwa, Dada. Watatu tuliokuwa nao hawakuvuka. Kwa hiyo nilipoambiwa habari ya moyo wa Noemí nilijua pa kwenda. Niliapa: kila tarehe ishirini na nane, kwenye kiganja kilekile, mpaka binti yangu apone. Mimi siwezi kurudi, nikirudi sitavuka tena. Wewe ndiye mkono wangu.

Nakuomba usianze mambo yako. Nakujua. Wewe ukimpa mtu chumvi lazima umfundishe na kupika.

Mdogo wako,
Chencho


Jiji la Mexico, 1 Septemba 1996

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu na kukutania kwamba wewe ndiye uliyekuwa hukubali kuachia vidole vya watu sokoni, sasa umepata wa kukulipizia. Tunamwombea Noemí kila usiku. Mvua zinanyesha, paa linavuja juu ya cherehani, nimeihamisha, sasa linavuja juu ya kitanda changu.

Sasa sikiliza yaliyonipata tarehe ishirini na nane, kisha ucheke au ukasirike, hiari yako. Mvua ilinikuta ngazini. Nikajibanza chini ya nailoni ya Doña Macrina, nikakaa kitako, shali kichwani. Bwana mmoja akapita na mwavuli wake, akanidondoshea sarafu ya peso tano mapajani. Mimi! Hermelinda Tovar, fundi mwenye cherehani mbili! Nilitaka kumtupia usoni. Tila akaangua kicheko.

"Usimtupie, mama," akaniambia. "Funika na nywele. Ukifunika nywele wanaongeza."

"Na wewe umejuaje?"

"Naangalia viatu. Viatu vya kung'aa hawatoi. Viatu vya mvulana na msichana wanaoshikana mikono, wanatoa."

Nikacheka naye, halafu nikashindwa kucheka. Nikamgeukia bibi yake nikamuuliza kwa nini mtoto mwenye akili hivi yuko hapa. Akaniambia yupo mwalimu, shule ya mtaa wa nyuma, aliyekubali kumpokea Tila hata bila cheti cha kuzaliwa. Anamshikia nafasi mpaka mwisho wa Septemba.

"Basi mpeleke!"

Akanitazama. Chencho, sijawahi kutazamwa vile.

"Mama," akasema, "siku ya kwanza uliyokuja, mimi ndiye niliyenyoosha mkono. Ukauruka mkono wangu ukaenda kwa wa mtoto. Mwezi uliofuata vilevile. Mimi si mjinga, nimeelewa somo. Mkono wa kizee hautazamwi. Nimpeleke shule, nani ataniona hapa?"

Nilisikia aibu mpaka masikioni. Tukazungumza mpaka mvua ikakatika. Ameniahidi hivi: pesa yako ikiingia mkononi mwake yeye, kila mwezi bila kukosa, italipa chumba chao, na Tila atakwenda shule. Ataomba peke yake, na anachopata ndicho watakachokula. Pesa ni ileile na ngazi ni zilezile, ni kiganja tu kinachobadilika. Nijibu upesi, kabla mwezi haujaisha. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mimi nimechoka kwenda zangu.

Hermelinda


Chicago, 15 Septemba 1996

Dada,

Nimesoma barua yako mara mbili na Araceli akanisomea ya tatu.

Nilikuomba mkono, sikukuomba kichwa.

Operesheni ni wiki ya pili ya Oktoba. Daktari ametuchorea moyo wa mwanangu kwenye karatasi, mdogo kama plamu. Na wewe wakati huohuo unaniambia nikamwambie Mtakatifu kwamba tumebadilisha mpango? Kwamba dada yangu ameona njia bora? Ahadi ni deni, Dada. Deni halilipwi kwa jirani wa unayemdai— naona hata maneno yananipotea kwa hofu. Deni hulipwa kwa mwenyewe. Niliapa kwa kiganja cha mtoto. Kingine chochote ni sadaka yako, si nadhiri yangu.

Noemí akishapona nitamlipia huyo Tila shule mpaka awe daktari. Lakini apone kwanza. Nisamehe ukali huu. Nakupigia magoti: mwezi huu usiguse kitu.

Chencho


Jiji la Mexico, 6 Oktoba 1996

Crescencio,

Mama hajambo. Mimi sijambo.

Nimefanya ulivyotaka. Tarehe ishirini na nane nimeweka pesa kwenye kiganja cha Tila. Doña Macrina alikuwa amenyoosha wake, kwa kuwa nilikuwa nimemtia matumaini, nami nikaupita tena. Aliurudisha ndani ya shali.

Jumatatu nilikwenda kwa yule mwalimu kumsihi. Nafasi alikuwa amempa mtoto mwingine, na hakukosea. Kaniambia mwakani Tila akija na cheti cha kuzaliwa hakuna shule itakayomkataa. Mwakani atakuwa anakaribia miaka tisa, na darasa la kwanza watamcheka.

Namwombea Noemí usiku na mchana, kwa moyo wangu wote, wala usitie shaka. Nimetii, lakini usinitake nifurahi. Huyo Mtakatifu wako hajapata kuhitaji ndala. Anayepokea ni mtoto, na kila tunachompa kinamfunga kwenye ile ngazi.

Tuletee habari za operesheni hata kwa neno moja.

Hermelinda


Jiji la Mexico, 5 Novemba 1996

Mdogo wangu mpendwa,

Mwezi mzima hatujapata barua. Mama anakwenda mlangoni kila akisikia baiskeli, akidhani ni mtu wa posta, magoti na yote. Tumewapangia marehemu wetu meza yao, maua ya manjano, mkate, na kikombe cha Baba chenye pombe ya mezcal ambayo asubuhi ilikuwa imepungua. Mama anasema ni Baba. Mimi namshuku Mama.

Operesheni imekwendaje? Simu ya duka la mfamasia, wiki nzima nimewaomba wapige ile namba uliyoacha. Haipokelewi. Mmehama?

Pesa ya Oktoba haikuja. Nilitoa yangu, nikaiweka kwenye kiganja cha Tila, kwa woga tu, kwa sababu sikujua Noemí yuko katika hali gani na sikutaka mimi niwe sababu. Ona ulivyoniambukiza.

Habari za ngazi usiniulize. Nitakueleza siku nyingine.

Tuandikie, Chencho.

Hermelinda


Chicago, 28 Novemba 1996

Dada,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Tumehama, ndiyo, anwani ni hii ya nyuma ya bahasha. Theluji imeanza. Kazi ipo.

Mwambie Mama kwamba Noemí hasumbuliwi tena na pumzi.

Ndani kuna dola za Oktoba, Novemba na Desemba pamoja. Ulipe ile uliyotoa mfukoni mwako. Nyingine weka kwenye kiganja cha mtoto. Usiache. Hata kama utaona hakuna haja tena, usiache.

Chencho


Jiji la Mexico, 20 Desemba 1996

Mdogo wangu,

Mama alipiga kelele mtaa mzima ukasikia! Amewasha mshumaa, ametembea peke yake mpaka kwa jirani kumwambia mjukuu wake amepona. Mimi nimekaa nikalia juu ya cherehani, halafu nikachukua satini nyeupe niliyoiweka kwa ajili ya Mtoto Yesu wa tajiri mmoja, nikamshonea Noemí gauni. Atasubiri huyo tajiri. Gauni limo kwenye kifurushi hiki. Nimelipunguza kiuno kwa kukisia, tuma picha nione kama nimekosea.

Kwenye kifurushi kuna karatasi ya kaboni pia. Dola zako za nadhiri zimo. Nakurudishia, kwa sababu sina kiganja cha kuziweka.

Hili ndilo nililokuwa nakuficha. Mwisho wa Oktoba nilikwenda ofisi ya ustawi wa familia kuulizia cheti cha kuzaliwa cha Tila. Nilijiona mwerevu. Sio wale wanaorusha sarafu na kupita, mimi natafuta suluhisho. Dada aliyenihudumia alikuwa mpole, ananipa kiti, ananipa maji. Mtoto ana miaka mingapi? Anakaa wapi mchana? Na nani? Wanafanya nini pale? Nikajibu kila kitu kama kasuku. Baada ya siku mbili gari lao lilikwenda ngazini. Mtoto akachukuliwa kwa kuwa anaombeshwa barabarani, na bibi hana karatasi ya kuthibitisha ni wake. Muuza mishumaa wa mlangoni anasema Tila hakulia. Alimuuliza askari kama atarudi kabla ya tarehe ishirini na nane, kwa sababu kuna mtu anakuja.

Doña Macrina alinitafuta mpaka akanipata kwangu. Alisimama mlangoni, watu wanasikia.

"Walionirushia sarafu hawakunichukulia kitu!" akasema. "Walionitukana hawakunichukulia kitu! Wewe uliyeuliza jina ndiye umeninyang'anya!"

Nikamwambia nilitaka cheti tu.

"Uliniuliza mimi kama nataka?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilimuuliza mwalimu, nikaiuliza ofisi, na wewe nikakuuliza kwa barua. Yeye nilimwona kila mwezi na sikumuuliza.

Sasa anaishi hapa. Alikosa kodi ya chumba, na mimi sikuweza kulala kwangu nikijua yuko nje. Analala chini ya rafu ya Watoto Yesu, na Mama anagombana naye kuhusu pilipili kutwa nzima. Kila Jumapili tunakwenda makao ya watoto. Tunaonana na Tila getini, kwa saa moja. Wamemkata nywele. Wanataka ndugu mwenye anwani, na mashahidi wawili, na cheti. Nimejiandikisha shahidi wa kwanza. Natafuta wa pili anayemjua mtoto tangu uchanga, na watu wote wanaomjua ni ombaomba wasio na kitambulisho. Maelfu wamemtupia pesa lakini hakuna hata mmoja wa kusema namjua.

Furahini huko na mtoto wenu. Na mtuombee.

Hermelinda


Chicago, 19 Januari 1997

Dada Hermelinda,

Kaa kwanza. Usimsomee Mama barua hii kwa sauti.

Noemí alifariki tarehe tisa Oktoba, mezani, kabla hawajamaliza kumshona. Sikuweza kuandika. Nilipoweza, niliandika ile sentensi ya pumzi. Si uongo kabisa, lakini nilijua Mama ataisikiaje, nikaituma hivyohivyo. Nilitaka awepo mtu mmoja duniani ambaye kwake bado yuko hai. Araceli aliacha kuongea na mimi wiki nyingi. Gauni lilipofika aliongea. Alisema, "Kiuno kiko sawasawa." Analala nalo.

Dada, ulitii. Nakuandikia hili ulijue, kwa sababu najua jinsi utakavyokaa na kupiga hesabu. Uliweka pesa kwenye kiganja kama nilivyoapa, mwezi ule na kila mwezi. Hukukosa chochote. Mimi nililipa na bado akaondoka. Na kwa malipo hayo yule mtoto mwingine alikosa shule, na bibi yake ulimpita tena na tena kwa amri yangu. Sijui nimweleze nani jambo hili. Padri wa huku ananiambia Mungu hafanyi biashara. Angeniambia mapema.

Utauliza kwa nini niliendelea kutuma. Kwa sababu nilitaka kuwe na msichana mdogo mahali fulani ananyoosha mkono, na mimi ninaweka kitu ndani yake. Basi. Haikuwa kwa ajili yake. Sidhani iliwahi kuwa kwa ajili yake.

Shahidi wako wa pili ni mimi. Nilimwona mgongoni mwa bibi yake akiwa mchanga, na watu wa ngazini wakimwita huyo mama bibi yake, naye akiitika. Nimekwenda ubalozi wetu mdogo hapa, nimeapa mbele ya karani, karatasi yenye muhuri imo ndani. Niliogopa kwenda, sina vibali, lakini hawakuniuliza. Dola zimo pia. Nakusihi mpe Doña Macrina mwenyewe, mkononi, na umuulize anataka kuzifanyia nini. Akisema viazi, ni viazi.

Chencho


Jiji la Mexico, 16 Februari 1997

Mdogo wangu, roho yangu,

Nilimwambia Mama jikoni, bila barua. Aliyaacha maharage yakaungua. Kisha akasema, "Basi mshumaa ule niliuwasha vizuri, umemwangazia njia," akaenda kulala, na akalala siku mbili. Doña Macrina ndiye aliyempelekea maji. Yeye kazika watoto watatu. Walikuwa wakizungumza chini kwa chini, mimi nikifika wananyamaza. Sasa Mama anakula. Mwambie Araceli asilifue lile gauni kama hataki.

Sikupiga hesabu. Nilianza, nikakumbuka ulivyoniambia, nikaacha. Ahsante kwa hilo.

Karatasi yako imekubaliwa na cheti kimetoka. Dola zako Doña Macrina alizigeuza mkononi, akasema anataka ndoo, sufuria na viazi vya kukaanga auze yeye mwenyewe mlangoni kwa Mtakatifu, si ngazini. Nilikuwa na mawazo mengine mazuri zaidi. Niliyameza. Siku mbili ameuza, ya tatu mgambo wakamwaga mafuta yake barabarani. Jana alirudi ngazini. Sikumwambia kitu, ndoo ni yake na ngazi ni zake.

Tila tumemchukua Alhamisi. Amekuwa mrefu, na amekuwa mpole kupita kiasi. Nilimpa mchuzi wa kuku na chapati za tortilla za moto. Alipokea bakuli kwa mikono miwili, kiganja juu, akainamisha kichwa, akasema, "Mungu akulipe, mama, wewe na jamaa zako." Nikampa kijiko: "Mungu akulipe, mama." Nikamfunika blanketi, vilevile. Hata bibi yake alipomfuta pua alimwambia hivyo. Chencho, yule bibi aligeuza uso ukutani.

Nikamwambia, "Tila, mwanangu, hapa ni nyumbani. Hapa hatusemi hivyo."

Akaniangalia, kijiko hewani. "Basi niseme nini?"

Nilisimama pale na ufito wa kupimia nguo mkononi. Mwaka mzima na nusu nimempa, na kumbe hakuna neno lingine nililowahi kutaka kulisikia kutoka kwake.

Mama akajibu kutoka kitandani, neno lake la kwanza siku hiyo. "Sema 'ongeza'."

Mtoto akatutazama mmoja mmoja, kama anatazama viatu. Alimaliza bakuli. Akalisukuma mbele kidogo sana, akainua mabega kama mtu anayengoja kofi, akasema kwa sauti ya chini, "Ongeza."

Nimemwongeza. Wasalimie wote.

Dada yako,
Hermelinda